Samaki wa Dari

Palm Springs, 9 Novemba 2018

Kaka Royce,

Hujambo huko kwenye theluji? Goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi mzima, ila upepo wa wiki hii umeingiza mchanga hadi kwenye sukari.

Nyumba yetu ya zamani imenunuliwa tena. Wanunuzi, Emmett na mwenzake, ni watu wazuri, tena wana wazimu ule ule wa hapa: kila kitu kiwe kama kilivyochorwa mwaka wa 1959. Mlango wa mbele wameukwangua rangi sita mpaka wakaifikia ile ya chungwa, wakashangilia kama wamepata dhahabu. Februari wataifungua kwa watalii wanaozuru majumba ya zamani. Kwa kuwa Baba ndiye aliyeijenga, wameniomba nisimame sebuleni niwaeleze watu.

Nilikubali kabla sijauona mchoro. Kwenye mchoro kuna bwawa. Emmett akaniuliza, "Bi Lenore, hili bwawa lilikwenda wapi?" Nikamwambia Baba alilifukia. "Kwa nini?" Nikasema sijui, nilikuwa mtoto.

Wanataka kulifukua, pale pale penye mbalungi wa Mama. Unakumbuka hakuturuhusu kuonja mabalungi yake hata mara moja? Yaliiva, yakaanguka, akayazika.

Niwaambie habari za mdogo wetu Kip, au ninyamaze? Sema wewe, wewe ndiye mkubwa.

Dada yako,
Lenore


Butte, 30 Novemba 2018

Lenore, mdogo wangu,

Barua nimeipata. Huku baridi, na goti ni lile lile. Nashukuru wewe u mzima.

Waache wachimbe, nyumba ni yao. Lakini usiwaambie kitu. Kip si kitu cha kuonyeshwa watalii.

Mimi sirudi huko, na sababu unaijua. Kufunga komeo la ule mlango wa kioo ilikuwa kazi yangu kila jioni. Ningelifunga, Kip asingefika majini. Nilikuwa na miaka kumi, si mtoto mchanga. Baba aliniuliza mara moja tu, "Royce, ulifunga?" Nikamjibu, "Nadhani nilifunga." Hakuniuliza tena mpaka alipoingia kaburini. Hadi leo nazunguka nyumba yangu nikigusa kila komeo, halafu naanza upya.

Usiniandikie tena habari za bwawa.

Kaka yako,
Royce


Palm Springs, 24 Februari 2019

Kaka Royce,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi. Nimesikia redioni kwamba kwenu mabomba yanapasuka. Ulinikataza kuandika habari za bwawa. Nisamehe, naandika.

Walilifukua. Mbalungi wakauhamishia upande wa barabara, nao umepukutisha majani yote. Chini ya mchanga vigae vya buluu vilikuwa vizima. Emmett akaniletea lori dogo jekundu la plastiki, amelifunga kwenye kitambaa. "La nani hili?" Nikasema la mdogo wetu. Akaniachia.

Jana watalii walikuja kundi baada ya kundi, wamevalishwa soksi za karatasi juu ya viatu wasikwaruze sakafu. Wakapapasa matofali ya matundu, wakalisifu paa la Baba. Mwanamke mmoja, aliyekuwa ameambiwa na Emmett kwamba bwawa lilikuwa limefukiwa, akatazama nje. "Jamani! Ni mwehu gani alifukia bwawa zuri hivi?" Mumewe akadakia, "Alichoka kulisafisha! Mimi namwelewa kabisa." Wakacheka.

Nikasema, "Ni baba yangu. Mdogo wangu alizama humo."

Samahani, Kaka. Mdomo ulisema wenyewe.

Wakatoka wakijikanyaga soksi. Nilipobaki peke yangu nikainua macho. Mwanga wa maji ulikuwa unacheza darini. Samaki wa Kip! Unakumbuka alivyokuwa akilala chali sakafuni, akinyoosha mkono kuwakamata? Zaidi ya miaka hamsini dari ile ilikuwa tupu, nao wamerudi kana kwamba walitoka kidogo tu.

Hapo nikajua siwezi tena kunyamaza. Ulifunga, Kaka. Komeo lile lilikuwa likilia, na jioni ile nililisikia likilia kama siku zote. Asubuhi niliamka wa kwanza, nikafungua nimtoe paka, nikarudi kwenye katuni na bakuli langu la nafaka na maziwa. Sikufunga. Baba alipokuuliza, nilikuwa nimejibanza nyuma ya kiti cha Mama. Nilikuwa na miaka minane, nikaogopa. Nikafika ishirini, bado naogopa. Sasa nina mvi, na muda wote huo nimekuacha ubebe mzigo wangu.

Sikuombi msamaha leo. Nataka tu ujue kwamba ulifunga.

Sijui kama bado naruhusiwa kuandika "dada yako".

Lenore


Palm Springs, 14 Aprili 2019

Kaka Royce,

Natumaini u mzima. Naandika bila kujua. Wiki saba sijapata barua, na simu yako inaita tu.

Sebuleni sisimami tena. Lakini Emmett bado hupokea wageni Jumamosi, na jana alikuja kwangu na habari. Anasema alikuja mzee mrefu, anapanda ngazi kwa kuliburuza goti. Akavaa soksi za karatasi kama wengine. Hakuuliza habari za paa wala za matofali. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kioo, akaufungua, akaufunga, akaliteremsha komeo. Mara moja tu. Kisha akalala chali sakafuni mbele ya watu wote.

Emmett alidhani ameanguka. "Mzee, vipi? Nikuitie daktari?"

"Niache kidogo, kijana. Natazama samaki."

Kitabu cha wageni ameniletea nikione mwenyewe. Umeandika Royce, miaka kumi. Lenore, miaka minane. Kip, miaka minne. Jina langu hukuliruka. Nimelishika kwa kidole muda mrefu.

Kutoka pale hadi kwangu ni mwendo wa dakika kumi, na hukubisha hodi. Sikulaumu. Lori la Kip ninalo, nimelisafisha, liko dirishani. Siku ukilitaka ni lako.

Ukiwakumbuka samaki, unikumbuke na mimi.

Dada yako,
Lenore