Sekunde Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata cheo. Kocha wa masumbwi alikuja kibandani asubuhi, akaegemea kabati la saa (nimemkataza mara ngapi?), akasema mpiga kengele wao amehama na Jumamosi wana pambano. Wanataka mtu asiyewahi wala kuchelewa. Mtaa mzima umewaambia mtu huyo ni mimi.

Nikajifanya nafikiri. Nikaweka lenzi jichoni, nikachungulia saa isiyo na ubovu wowote. Mwisho nikasema haya, kama ni kusaidia jamii.

Jamii gani. Miaka minne nimekuwa nikitazama mazoezi yao kupitia kidirisha cha choo chetu cha nyuma, kinachotazama ukumbi wao, nimepanda juu ya ndoo. Ndoo ya pili hiyo, ya kwanza ilipasuka. Mume wangu nilimwambia ilipasuka yenyewe.

Yeye ndondi anaziita ugomvi wa kukatia tiketi. Wakati wa chakula aliuliza jambo moja tu: kwani wameishiwa wanaume? Binti yetu akasema atakuja na simu, anirekodi mwanzo hadi mwisho, maana si kila siku mama yake anakuwa mtu mkubwa. Saa ya mume wangu nimeisogeza mbele dakika kumi. Atajua hajui.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Safari hii nimepita mlangoni kama mwenye nyumba, nikakaa hatua tatu kutoka ulingoni, kisingizio najaribu kengele.

Wa kwanza wa pambano la Jumamosi ni Kinyozi, jirani yangu, kibanda chake kinatazamana na changu. Thelathini na saba, mwembamba kama mshale wa dakika. Hana konde zito. Yeye anakunyoa. Kushoto kidogo, kushoto tena, hatua pembeni, na wewe bado unapiga mahali alipokuwa juzi. Mwenzake aliyejitolea kufanya naye mazoezi leo alirusha makonde kumi na moja. Nilihesabu. Lililompata Kinyozi ni moja, tena begani, tena nadhani alilikaribisha.

Wa pili ni Tingatinga, mbeba saruji, ishirini na tatu. Akilipiga gunia la mazoezi, minyororo inalalamika na vumbi linashuka toka darini. Nalisikia konde kwenye meno yangu mimi. Lakini asidhaniwe ni nguvu tu. Mtazame miguu. Mtu mzito namna ile anatembea kama anaogopa kuamsha mtoto.

Nilipopiga kengele kuijaribu, ukumbi mzima ulisimama. Mikono chini, kimya. Nikaipiga tena bila sababu. Wakaanza. Nikaipiga tena. Wakaacha. Kwenye ndoa yangu miaka ishirini na sita sijawahi kutiiwa hivyo. Kocha aliniomba kwa upole niiweke chini nyundo.

Jumamosi, 8 Machi

Tingatinga kashinda. Raundi ya saba, kwa kumwangusha. Watu walibebana hadi barabarani.

Kichwa kinauma. Kesho.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu kalala kitini na gazeti usoni. Naandika haraka.

Raundi sita nilizipiga bila dosari, dakika tatu juu ya alama, pumziko dakika moja juu ya alama. Kinyozi alikuwa anaongoza, hata kipofu angejua. Kisha ikaja ya saba.

Mapema tu Tingatinga alimpata kwenye mbavu. Mlio ulikuwa wa gunia la mchele lililodondoshwa kwenye sakafu iliyolowa. Nilisema basi, kwisha. Kinyozi akarudi hadi kwenye kamba, kamba zikamrudisha, na akaja anacheka. Makonde matano mahali ambapo mimi niliona nafasi ya mawili. Tingatinga hakurudi nyuma. Wakasimama katikati, paji kwa paji, na kila mmoja akatoa yote aliyojaliwa. Tingatinga alipiga kutoka chini, konde la kung'oa mti, Kinyozi akasogeza kidevu. Kidevu tu, kama mtu anayekataa chai. Akajibu kwa mawili. Tingatinga akayala yote mawili, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni mazuri, akarudisha la tumboni. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Sijui nilisimama saa ngapi. Nyundo mkononi, mdomo wazi, nadhani hata kupumua nilisahau.

Mara Kinyozi akashusha mikono. Yote miwili, kwa utulivu, kama mtu aliyefunga kibanda. Na konde la kulia la Tingatinga lilikuwa tayari njiani.

Kinyozi alipogusa sakafu, kidole changu kilibonyeza saa ya kupimia, kwa mazoea. Refa akahesabu kumi. Ukumbi ukalipuka. Hapo ndipo nikatazama chini.

Dakika tatu na sekunde thelathini na moja.

Hakuna aliyekuwa ananitazama. Refa mwenyewe alikuwa amezama mle mle nilimozama mimi. Kidole kikairudisha saa kwenye sifuri kabla sijaamua.

Uongo. Niliamua.

Jumatatu, 10 Machi

Binti amerekodi yote. Simu yake imelala mezani tangu juzi na mimi nalala na jicho moja juu yake.

Asubuhi nilimwambia simu yake inaonekana nzito, nimsafishie. Akasema mama, hii si saa ya ukutani. Mchana nilisema nimesikia video ndefu zinaharibu betri. Akaniuliza nimesikia kwa nani. Nikasema kwa wateja. Akaniuliza mteja gani. Nikakohoa.

Jioni akaniambia nisihangaike, video haitapotea, ameshaituma kwa mama wadogo wote watatu. Sahani ikaniponyoka. Bahati nzuri nawajua wadogo zangu. Wataitazama hadi watakaponiona mimi, watasema nimenenepa, watafunga.

Nilimwomba anirushie na mimi. Nikajifungia chooni, nikakaa juu ya ndoo, nikaihesabu upya. Thelathini na moja. Nilitumaini itakuwa imepungua.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimevuka barabara. Kinyozi ana jicho moja limefumba, na bado ananyoa. Mteja aliyekuwa kwenye kiti alishika mikono ya kiti kwa nguvu zote.

Tingatinga alikuwa ametoka hapo. Alikuja mwenyewe, kavaa shati la kutokea, kuomba warudiane. Alisema ushindi wenyewe haujamkaa sawa tumboni, kwa sababu Kinyozi, mkubwa wake kwa umri, hakuangushwa, alisimama akasubiri.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nimemjibu hapana, dada. Nimemaliza."

Mteja akaondoka, nywele za nusu ya kichwa ziko juu kuliko za nusu nyingine. Kinyozi akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akanieleza. Miaka kumi na tano yeye raundi huzihesabu kichwani. Sekunde kumi kabla ya kengele huwa anajua, humvuta mpinzani hadi kwenye kona yake, ili kengele ikilia yeye akae na mwenzake atembee. Ndiyo ujanja wake wote, maana konde la kumlaza mtu Mungu hakumpa.

"Jumamosi nilijua imefika," akasema. "Nilikuwa na hakika kama ninavyokuona wewe. Kwanza ikapitiliza kidogo, nikajisemea labda nimekosea, nikaongeza. Nikaongeza tena. Halafu mwili ukagoma, ukasema basi, nikashusha mikono. Kengele haikulia." Akagonga kichwa kwa kitana. "Imekufa humu ndani. Bondia asiyejua kengele iko wapi ataumia vibaya siku moja."

Nilitazama wembe. Nilitazama nywele sakafuni.

"Wewe ni fundi," akasema. "Saa ya kichwani inatengenezwa?"

Nikasema inategemea imetoka kiwanda gani. Akacheka hadi mdomo ukapasuka upya. Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu kumwambia mume wangu. Nilimsimulia kama habari ya mwanamke mwingine, fundi saa wa mji mwingine. Akasikiliza hadi mwisho, akasema mwanamke huyo anyang'anywe hata saa ya mkononi.

Kisha akaniuliza kwa nini siku hizi yeye huwahi kazini peke yake.

Alhamisi, 13 Machi

Niko kwa Kinyozi, kwenye benchi la wateja. Hakuna mteja. Habari za jicho zimesambaa.

Jana kampelekea kocha glovu zake. Kocha hakuzipokea, ameziacha juu ya meza, na Kinyozi hakuzichukua, kwa hiyo ziko tu pale. Ijumaa wanamtangaza rasmi kwamba ameacha.

Nilikuja nimekusudia kusema. Nilijifunza maneno njiani, na njia yenyewe ni upana wa barabara. Nilipofika nikasikia mdomo wangu unasema kitu kingine: "Kaa hapo kwenye kiti. Fumba macho. Dakika tatu zikitimia, inua kidole."

Akauliza ya nini. Nikasema saa ikiletwa kwangu, kwanza naipima, siitupi kwa sababu mwenyewe kasema imekufa.

Akakaa. Nimebonyeza. Nimetoa daftari hili nionekane nina shughuli, la sivyo nitaanza kusema kabla ya wakati.

Dakika moja na nusu. Katulia kama maji ya mtungi. Nje mtu anapita na redio. Kocha naye amesimama mlangoni sasa, kaja na glovu kwapani, nimemwonyesha ishara asiseme neno. Anatazama saa mkononi mwangu, anatazama kidole cha Kinyozi.

Dakika mbili na nusu. Hatingishiki.

Mbili na hamsini. Amegeuza uso kidogo kushoto, kama anamvuta mtu kwenye kona.

Kainua.

Dakika tatu, na nusu ya sekunde juu. Nusu yenyewe huenda ni ya kidole changu.

Kocha ameona. Ameacha kuangalia saa, ananiangalia mimi, na naona anaanza kuhesabu jambo kichwani.

Kinyozi kafumbua jicho lake zima. Anauliza amekosea kwa sekunde ngapi.

Nimemwambia asubiri, bado naandika.