Upande wa Asiya kwenye Sinia

Buyenzi, Bujumbura
Tarehe 14 Februari 1999

Mpendwa mdogo wangu Nasor,

Assalaam alaikum. Hujambo weye? Wifi yangu Azhar hajambo? Na joto la Maskati, mmelizoea au bado mnalilalamikia? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mama miguu inamuuma asubuhi tu. Ikifika mchana haimuumi tena, maana mchana kuna watu wa kugombana nao. Shemeji yako Massoudi yuko buchani kwake kama ulivyomwacha, tumbo tu ndilo limepungua.

Barua yako imefika. Fupi, kama kawaida yako, lakini safari hii imenikosesha raha: unataka nikupe binti yangu Asiya aje akae kwenu, kwa kuwa ndege zimeanza kutua tena hapa, na huko dawa yake ya sukari haikosekani. Umetaka jibu. Nitakupa, ila niache kwanza nizungumze. Mi nawe hatujakaa kitako tangu uondoke, na barua ndiyo mkeka wangu.

Unalikumbuka sinia la marehemu Baba? Lile lililobonyea pembeni, pale ulipoliangusha ukamsingizia paka? Bado tunalitumia. Kila nikiliweka chini nakuona umekaa kushoto kwa Baba, upande wako umekwisha sisi wengine bado tunanawa. Na Baba, bila hata kukutazama, anakusogezea kipande kizuri kwa vidole. Hakuwa mtu wa maneno matamu, Baba. Alikuwa anasogeza nyama. Mtoto aliyeumwa, aliyelia, aliyefaulu shuleni, wote dawa yao ilikuwa hiyohiyo.

Na wali wa Ijumaa! Ulikuwa unanukia mpaka avenyu ya pili, na baada ya alasiri tunashuka ziwani wote, Mama na mwavuli wake, weye na visamaki vya ndagala vya kukaanga mfukoni vikikuchafua kanzu. Lo, Nasor, siku hizo nazitamani mpaka kifua kinauma. Wakati ule tulidhani ndivyo dunia ilivyo.

Vita vilipotuzunguka na mipaka ikafungwa, chakula kiligeuka. Unga wa muhogo haukushuka tena kutoka milimani, na mchele ukawa wa kusikia kwa matajiri wa Kinindo. Lakini nyama ilikuwepo! Watu waliokimbia makwao walishuka na ng'ombe wao kupitia Musaga, hawana pa kuwalisha, wakawauza. Nyumba ya mchinjaji ikajaa nyama na maini, ziwa nalo likatupa ndagala, na bugali la muhogo hamna. Baba angecheka: nyumba imejaa mboga, chakula hakipo. Unatujua sisi, mtu hajala mpaka ale bugali au wali. Nyama hata iwe kilo ngapi, ni mboga tu.

Kwa fikra hiyohiyo nusura tumzike Asiya.

Daktari Honoré, anayemtibu, alikuwa amempangia insulini zamani, wakati bugali lipo. Ya asubuhi, ile inayofanya kazi polepole kutwa nzima, na nyingine kila anapokula. Ya mchana alama kumi kwenye sindano, kwa sahani kamili ya chakula. Basi Idi ya kuchinja mwaka jana tulikula nyama juu ya nyama, hata tonge la kuchovya mchuzi hamna. Asiya akajidunga alama zake kumi kama alivyofundishwa. Mama akawa anamsogezea vipande, kama Baba kabisa, akimwambia, "Kula, mutoto wangu, sindano inataka tumbo lenye kujaa." Na tumbo lilijaa kweli. Lakini hatujaondoa sinia, jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, akanitazama kama hanijui, akaangukia begani kwa Mama. Nilimsugulia asali ndani ya shavu huku nasoma kila dua niliyofundishwa na nyingine nikazitunga. Alipoweza kumeza tukamnywesha soda. Aliponiita Mama, nilikaa chini nikalia mbele za wageni wa Idi bila haya.

Kesho yake Mama akatoa hukumu. Jana mtoto hakula kitu, nyama si chakula, ndiyo maana sindano ilimwangusha. Na leo ni nyama tena, basi asidungwe ya mchana. Nyumba nzima tuliona ni maneno ya akili. Kufika alasiri Asiya anakunywa maji kama aliyelamba chumvi, chooni anakwenda na kurudi, na kimashine cha kupima damu kinaonyesha sukari iko juu kabisa. Tukambeba kwa daktari, Mama akiwa mbele, kimya, jambo ambalo weye hujapata kuliona.

Daktari Honoré aliuliza tumekula nini, tukasema hatukula, ni nyama tu. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatueleza. Bugali linageuka sukari upesi, na sindano ya chakula imepangwa kukutana nalo. Nyama nyingi bila bugali nayo inaleta sukari, ila kidogo na kwa kuchelewa, saa tatu nne baadaye. Ukidunga yote mwanzoni, sindano inafika kabla ya mgeni wake. Usipodunga kabisa, mgeni anafika hakuna wa kumpokea. Basi akaipunguza ile ya kula, akasema apime tena baadaye, na ikipanda aongeze kidogo, bila pupa, maana ya kwanza bado inafanya kazi. Kiasi chenyewe walikitafuta pamoja, yeye na Asiya, siku baada ya siku. Ni cha Asiya, si cha mtu mwingine.

Lakini ili kipimo kiwe cha kweli, ajue anakula nyama kiasi gani. Na kwenye sinia, mikono sita na bibi mwenye mapenzi, nani anajua? Tukampa sahani yake.

Hapo ndipo palipouma. Kwetu anayekula peke yake ni mgonjwa wa kulala au mtu aliyenuna, weye ulikula peke yako mara ngapi kwa kununa? Asiya alikaa na sahani yake karibu na mlango, macho kwenye mikono yetu. Akaanza kusema ameshiba kabla hajaanza. Mtoto wa bucha akawa anakonda, na sukari inaporomoka kwa sababu anadunga halafu hali. Nilimgombeza, nikambembeleza, wapi.

Aliyetuokoa ni Massoudi. Mkono wake unajua uzito wa nyama kuliko mizani, hilo unalijua. Siku moja alikata fungu la Asiya, lilelile walilokubaliana na daktari, akaliweka si sahanini, akaliweka kwenye sinia, mbele ya nafasi yake ya zamani. Akalizungushia vitunguu kama ua wa nyumba. Akatangaza: ndani ya vitunguu ni kwa Asiya, hakitoki kitu, hakiingii kitu. Nasor, yule mtoto alivyojongea pale! Alimaliza fungu lake lote. Anayeteseka ni Mama. Mpaka leo naona mkono wake unaokota kipande kizuri, unaanza safari, unafika kwenye vitunguu, unasimama. Kisha anakila mwenyewe akinung'unika kwamba dunia imekwisha.

Sasa jibu lako. Insulini hapa ni bahati nasibu. Leo duka la dawa linayo, kesho hawana, na umeme ukikatika chupa inalala mtungini kwenye mchanga uliolowa, ipate ubaridi. Ramadhani hii iliyopita tulibaki na chupa ya mwisho, nikawa naiinua kwenye mwanga kuangalia imebaki kiasi gani, halafu naiinua tena kama kwamba itaongezeka. Mi nimevumilia risasi, Nasor. Chupa tupu siwezi.

Mchukue. Nimesema. Aje kabla ya Idi.

Nilipomwambia mwenyewe alikuwa anamenya vitunguu, akaendelea kumenya. Hakuuliza shule wala ndege. Aliuliza, "Kule kwa mujomba, nitakula kwenye sinia?" Nikamjibu ndiyo bila kukuuliza weye, kwa hiyo usinitie aibu.

Kwenu wali upo kila siku, najua. Muone daktari wa huko siku za kwanza kabisa, kipimo cha nyama za Buyenzi kisitumike kwenye wali wa Maskati. Akitetemeka au akiongea ovyo, sukari kwanza, maswali baadaye. Kufunga asifunge mpaka daktari akubali, hata akikulilia. Na mkono wako naujua, ni wa Baba. Uzuie. Ukizidiwa na mapenzi, msimulie habari za babu yake.

Massoudi anakusalimu, na anamwomba Azhar asikate vitunguu vyembamba, havisimami. Mama anakusalimu sana. Anasema ukimsogezea Asiya hata kipande kimoja hana radhi nawe; yeye ameshindwa, na weye ushindwe vilevile.

Juzi Massoudi alisema mtoto akiondoka tujongee kidogo, sinia lisionekane na pengo. Mama alimkatalia kabla sijafungua mdomo. Basi tutakula tukizunguka upande wake, na vitunguu tutaviweka palepale.

Mungu aijaze nyumba yenu heri, na amfikishe mwanangu mikononi mwako akiwa anacheka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiandika mistari mitatu,
Mwanamwema