Sahani ya Djibril

Buyenzi, Bujumbura
12 Mei 1996

Kwa mwanangu Mwantum,

Asalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mumeo na watoto, na kile kikohozi chako kiwe kimekwenda zake. Huku kwetu tunaamka, tunashukuru. Risasi za milimani tunazisikia kama majirani wanaogombana: tunajua wapo, hatutoki kuangalia.

Sasa usishtuke. Daktari amesema nina sukari. Kile kidonda cha mguuni nilichokwambia ni cha kiatu, kumbe si kiatu. Nikiendelea hivi, amesema, mguu utakatwa, na baada ya mguu ni macho. Mguu sikuujali sana, maana siendi popote. Macho ndiyo yaliyonitisha. Djibril akirudi nataka nimwone anaingia mlangoni, si nimpapase uso kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Ni miezi kumi na minne sasa tangu mdogo wako atoke na spana zake kwenda kutengeneza gari la mtu kule mitaa ya kaskazini, ile wiki ya Machi watu walipouana. Hajarudi, wala hakuna aliyeniambia kwamba hatarudi. Kwa hiyo namngoja, na mtu hawezi kungoja akiwa maiti.

Nimeanza rejimu, kula kwa masharti. Amenifundisha Mawazo mwenye duka la pembeni: siku saba maji ya ndimu tu na kikombe cha uji asubuhi, sukari yote inatoka mwilini. Leo ni siku ya nne. Kichwa kinazunguka, lakini nguo zimelegea. Niombee nifike ya saba.

Barua anakuletea Abdu wa bandarini, yule anayesafiri na meli ya mizigo. Mpe chai.

Mama yako


Kigoma
9 Juni 1996

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, kikohozi kimekwisha, watoto wanakuulizia. Hali yako sikuulizi, maana Abdu ameshaniambia. Meli yao ilichelewa kuondoka, na siku ya tano ya rejimu yako aliona unabebwa kutoka kwenye foleni ya maji, ndoo inabebwa nyuma yako. Hilo hukuliandika.

Mama, mimi ni muuguzi. Wagonjwa wa sukari nawaona kila wiki hapa zahanati. Wanaofanya rejimu nawajua kwa sura: wiki ya kwanza mawalii, wiki ya pili wanalipa kisasi. Rejimu ina siku ya kwisha. Sukari haina. Nataka ule chakula utakachoweza kula mpaka uzeeke, bila kujionea huruma. Mchicha wako wa lenga-lenga, maharage yako, dagaa wenu ndagala, samaki wa kuchoma ukimpata. Bugali uwepo, ila nusu ya sahani iwe majani. Mawese yapunguze. Kula saa zile zile, na utembee.

Lakini usianze na vyote. Anza na chai. Unatia vijiko vitano, nakujua. Wiki hii tia vinne. Ukizoea, tia vitatu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba haraka haraka haina baraka, sasa nakurudishia.

Binti yako, Mwantum


Buyenzi
21 Julai 1996

Mwanangu Mwantum,

Asalaam alaykum. Tangu lini mtoto wa Buyenzi anaandika shikamoo? Haya, marahaba, Mtanzania. Mi sijambo, mguu ndio haujapona wala haujazidi, uko tu.

Chai imefika vijiko viwili. Wiki ya kwanza niliichukia, nikakuchukia na wewe. Sasa nimezoea. Lakini kipimo hakishuki, na daktari ananitazama kama mwizi. Ananiuliza, "Mama, kweli unakula hivyo?" Namwambia kweli. Nimemdanganya yeye, wewe sitaki kukudanganya.

Kila jioni nikipika, nampakulia Djibril. Naifunika sahani yake, naiweka juu ya kabati, kama nilivyokuwa nafanya alipochelewa gereji. Asubuhi ni kiporo. Kumwaga chakula ni dhambi. Kumpa mtu siwezi, maana kugawa sahani ya mtu ni kusema hatarudi. Basi naila mimi. Jioni nakula yangu na majani yako, asubuhi nakula ya mdogo wako, na unajua alivyokuwa anakula yule, bugali mlima mzima na mchuzi unaelea mawese.

Usiniambie niache kumpakulia. Lingine lolote niambie.

Mama yako


Kigoma
14 Desemba 1996

Mama yangu,

Shikamoo, na wala sitaacha kuiandika. Natumai mguu umetulia. Tangu Agosti mipaka imefungwa na meli hazivuki, barua yako imenifikia Novemba kwa njia ndefu, na hii pia sijui itapita mikono mingapi. Nisamehe sikujibu mara moja. Mwezi uliopita ulikuwa mzito kwangu. Nitakueleza siku nyingine.

Sikwambii uache kumpakulia Djibril. Nisikilize tu. Ramadhani inaingia mwezi ujao na wewe huwezi kufunga, usibishane nami wala na daktari. Mgonjwa asiyeweza kufunga anatoa fidia: kila siku anamlisha maskini mmoja. Siku thelathini, sahani thelathini. Sahani unayo tayari, mama. Na maskini unaye uani kwako. Yule Consolée aliyekimbia vita mlimani, unayemkodishia chumba cha nyuma, si uliniambia anakula mara moja kwa siku?

Mpe yeye, ingali ya moto. Itakuwa imetoka kwa jina la Djibril na thawabu itamfikia popote alipo.

Binti yako, Mwantum


Buyenzi
2 Machi 1997

Mwanangu Mwantum,

Asalaam alaykum, na Idi ilikuwa njema ingawa kimya. Mi ni mzima, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu.

Siku ya kwanza nilimpelekea chakula cha Djibril, nimekihamishia sahani nyingine. Consolée akaitazama, akasema, "Mama Djibril, mi si Mwislamu. Hii fidia itahesabika kweli?" Nikamwambia ale, hesabu si kazi yake. Siku ya tatu akanirudishia sahani imeoshwa na fungu la lenga-lenga juu yake. Amelima kipande cha uani, pale ulipokuwa unacheza, na mwanamke yule hata jiwe akilipanda litaota.

Ramadhani ikaisha. Siku ya thelathini na moja nikajikuta nimempakulia tena. Sasa tunakula pamoja mkekani, saa kumi na mbili, kila siku. Ananicheka nikipunguza chumvi, kisha naye anapunguza. Asubuhi tunakwenda sokoni kwa miguu, taratibu, tunasengenya njia nzima. Chai nakunywa bila sukari kabisa. Wewe ulisema nizoee, sikukuamini. Hata sihesabu tena. Ndiyo chakula changu, basi.

Kipimo kimeshuka. Kidonda kimefunga. Na juzi, sikiliza, nimetia uzi kwenye sindano bila miwani, mara moja tu!

Sahani ya Djibril nimeiosha, iko kabatini. Akirudi nitampikia papo hapo, ale cha moto. Na nitamwona vizuri.

Mama yako


Kigoma
17 Agosti 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, mwite Consolée akae karibu nawe. Tafadhali mwite.

Djibril amekufa. Alikufa wiki ile ile aliyotoka, Machi 1995.

Mwenye gari alilokwenda kutengeneza anaitwa Sylvère. Yuko kambi ya wakimbizi huku. Alikuja zahanati na malaria, akanitazama sana, akaniuliza kama nina ndugu fundi Bujumbura, kwa sababu nimefanana naye. Sikumwamini. Ndipo akasema yule fundi alikuwa amefunga spana zake ndani ya kipande cha kitenge cha kijani chenye ndege. Kitenge chako, mama. Walivamiwa Djibril yuko chini ya gari. Sylvère alikuwa amejificha, akarudi kesho yake, akamzika akisaidiwa na jirani mmoja. Alijua ni Mwislamu, ila hakujua kibla iko upande gani. Alikisia. Aliniomba msamaha kwa hilo.

Hilo moja. Hili la pili ndilo langu. Sylvère alikuja Novemba. Nilipokuandikia habari ya fidia, nilikuwa najua. Nilikwambia thawabu itamfikia popote alipo, na nilijua alipo. Niliogopa nikikwambia utaacha kujitunza, kwa sababu uliniambia mwenyewe macho unayataka ya nini. Nilichagua mguu wako. Halafu ukaniandikia ule uzi na ile sindano, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Nisamehe. Endelea kula, mama. Nakuomba.

Binti yako, Mwantum


Kigoma
30 Novemba 1997

Mama,

Shikamoo. Miezi mitatu sijapata neno lako. Mtu aliyetoka Bujumbura ameniambia barua ilikufikia, wewe mwenyewe uliipokea. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi, nitusi, nitasoma. Niambie tu mguu ukoje. Niambie unakula.

Mwantum wako


Buyenzi
15 Machi 1998

Mwanangu Mwantum,

Asalaam alaykum. Barua zako zote mbili ninazo. Natumai wewe na watoto hamjambo. Mi nipo.

Miezi tisa uliniacha niandike "akirudi". Uliisoma barua, ukaikunja, ukaiweka. Hilo sijakusamehe. Nitakusamehe, najijua, lakini bado.

Tulimsomea hitima. Majirani walikuja wote, hata Mawazo, na ndimu zake. Arobaini ilipopita, watu wakatawanyika, nikamwambia Consolée asije kula siku hiyo. Nikapika mlima wa bugali na nyama ya mafuta. Kwenye chai nikatia vijiko vitano. Nilijua ninachofanya, Mwantum. Macho nilikuwa nayatunza ya kumwona yeye. Kama hayupo, ya nini?

Chai niliitema. Ilikuwa tamu mpaka inakera koo. Nikainywa tena, nikaitema tena. Ile nyama nilikula vipande viwili, tumbo likakataa. Nililia kuliko siku ya barua yako. Nilikuwa nataka kujiharibu na mwili wangu haukutaka. Ulikuwa umeshazoea kuishi, na haukuniuliza.

Siku mbili sikula kitu. Ya tatu Consolée akaingia na sahani ya lenga-lenga na maharage. Nikaitambua ile sahani. Aliikuta kabatini, akaona ni safi, akapakulia humo, maskini, hakujua. Nikamwambia, "Hiyo ni ya Djibril." Akashika kichwa, akataka kuiondoa, akasimama nayo pale pale hajui aipeleke wapi. Kisha akakaa chini. Akasema, "Watoto wangu watatu walibaki mlimani, Mama Djibril. Nilikula kesho yake. Nilikula viazi. Apana kwa sababu ya mutu, nilikula tu. Na wewe kula tu."

Miaka miwili mwanamke huyu anaishi uani kwangu na sikujua walikuwa watatu. Sikuwahi kumwuliza.

Nikala. Niliimaliza.

Ulitaka kujua mguu. Ni mzima. Kipimo kiko chini, daktari anafurahi, ananiita mgonjwa wake wa mfano, na mi namwitikia kwa heshima. Majani nusu ya sahani, chai bila sukari, sokoni kwa miguu. Sifanyi kwa ajili ya mtu. Asubuhi naamka na mikono inafanya yenyewe. Wanawake wa mtaani walianza kuniita Mama Mwantum, kwa huruma. Nimewakataza. Mi ni Mama Djibril.

Mwambie Sylvère sijui kama kibla aliipata, lakini Mungu alikuwa anaangalia pande zote. Mwambie nashukuru kwa kukikumbuka kile kitenge.

Leo nimepika jioni kama kawaida. Nimepakua sahani mbili, yangu na ya Consolée, na sufuria ikaisha. Nikabaki nimesimama na kile kifuniko cha zamani mkononi, sina cha kufunika.

Mama yenu