Jagi la Daraja la Tano

Alhamisi, 11 Januari

Baridi ya kukata masikio. Anselme Bourrigaud yuko kwenye mizabibu yake tangu asubuhi, anapogoa, na matako kayaelekeza dirishani kwangu. Makusudi! Kipande chake kiko katikati ya shamba langu kama jino la mtu mwingine mdomoni mwangu. Babu yake alikataa kutuuzia, baba yake akakataa. Yeye mke kafa, mtoto hana, magoti yamekwisha, na bado anakataa.

Ninakihitaji. Hapa hakuna wa kunisikia, basi niseme: mvinyo wangu umepwaya. Tangu mume wangu afariki unazidi kuwa mwepesi kila mwaka. Lakini tumo kwenye orodha ya 1855 ya nyumba bora za mvinyo, daraja la tano, la mwisho, na humo hatoki mtu. Raha ni kwamba daraja linakaa kwenye jina la nyumba, si kwenye udongo. Anselme hana daraja lolote. Siku nikinunua kipande chake, zabibu zilezile, mawe yaleyale — daraja la tano!

Wale wa daraja la kwanza hawanisalimii hata kanisani. Sawa. Ndiyo maana Mungu akaniumbia Anselme.

Darricau, dalali wangu wa mvinyo, anasema mzee hauzi kwa sababu anaamini wake unaushinda wangu. Mvunje kiburi kwanza, kasema. Nimewaalika wote wawili Jumapili.

Jumapili, 14 Januari

Nimeshiba. Niandike kwa mpangilio.

Mpango ulikuwa rahisi. Mvinyo wa Jumapili siku zote unakuja mezani ndani ya jagi la kioo, chupa imefichwa jikoni, wageni wakisie. Ningemimina wa Anselme, chupa niliyonunua sokoni. Yeye angedhani ni wangu, na kinachotoka nyumbani kwangu lazima akitukane. Halafu ningeleta chupa yake. Basi!

Kabla ya kumimina nikaonja. Laiti nisingeonja. Ulikuwa mzuri. Mzuri wa kutia hasira! Nikasimama na chupa mkononi kama mjinga. Darricau akiuonja huu atausifu, na mzee hatauza mpaka kiama. Nikaachana na mpango: nikauficha nyuma ya unga, nikajaza jagi kwa wangu, wa mwaka uleule. Odile mpishi aliniona. Akaendelea kukoroga maharage.

Anselme alikuja na koti alilovaa siku ya kumzika mkewe. Akanywa. Akaiweka glasi chini.

"Haya, Bwana Anselme, sema."

"Madamu, nisije nikakukosea adabu."

"Kosea tu, umezoea."

"Basi haya ni maji yaliyopita karibu na zabibu."

Nikamgeukia Darricau aniokoe. Ameuza mvinyo wangu miaka yote hii, ataujua! Akanusa, akasukutua, akakunja uso.

"Mzee kasema kweli. Mwembamba, hauna mwili. Mwenye huu bora alime maboga."

Wangu! Uso ukaniwaka moto. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni wako, Anselme."

Nikaenda jikoni, nikamwaga ule mzuri wote kwenye sinki, nikarudi na chupa tupu. Nikaiweka mbele yake. Akaishika kwa mikono miwili, akasoma jina la baba yake kwenye lebo.

"Wangu?"

"Wako, mpenzi."

Darricau alicheka mpaka machozi. "Mzee hamjui mwanawe!" Anselme hakucheka. Alikunywa tena, polepole, macho kafumba. "Ulimi wangu umekufa," akasema. "Au ulikuwa umekufa siku zote, ndiyo maana nikauona mzuri." Akaondoka kabla ya jibini. Nilimhurumia kidogo. Halafu nikala kipande chake cha kondoo.

Jumatatu, 15 Januari

Darricau hana breki mdomoni. Asubuhi kwa mwoka mikate walikwisha kujua. Mwenye duka akamwuliza Anselme, mbele ya foleni nzima: "Mkate huu unautambua, babu, au nikuandikie jina?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sauti. Akalipa, akasahau mkate wake.

Saa sita akapiga simu. Anauza! Tutaweka sahihi kwa mthibitishaji wa hati Jumatatu ijayo. Nilicheza peke yangu ukumbini, mzee mzima mimi.

Odile akasema, "Mwambie, Madamu."

"Nimwambie nini?"

Akavirudia vitunguu vyake.

Jumatano, 17 Januari

Nimelala kama mtoto. Mvinyo wa mwaka huu utakuwa na mwili, mtaona!

Jumamosi, 20 Januari

Mungu wangu. Trekta.

Nilidhani ni ya barabarani. Nikafungua dirisha — safu ya kwanza ya Anselme imelala chini, mizizi juu. Anang'oa! Mizabibu aliyoipanda babu yake! Nikapiga kelele mpaka koo likauma. Akazima mashine, akavua kofia.

"Usiwe na wasiwasi, Madamu! Siwezi kukuuzia aibu!"

"Aibu gani? Acha hiyo!"

"Niliionja mezani kwako kwa mdomo wangu. Takataka hii haiwezi kuingia kwenye jina kama lako. Utapata ardhi safi, upande mizabibu mizuri."

Nipande! Mpaka hiyo mipya itoe kitu cha maana, mimi nitakuwa kaburini.

"Wote walikuwa wananibembeleza," akasema. "Ni wewe tu uliyeniambia ukweli. Asante, jirani." Tangu nizaliwe hajawahi kuniita jirani. Akavaa kofia, akawasha.

Nikampigia Darricau. Akacheka. "Mwache ang'oe! Kwani hukuonja? Maboga yale!" Nikakata simu.

Sentensi moja tu inatosha. Lakini nikiitamka, kesho foleni ya mikate itajua ni mvinyo wa nani dalali wangu mwenyewe aliuita maboga. Wa daraja la kwanza watajua. Watanisalimia sasa, ili wanitazame vizuri.

Safu ya pili imelala. Odile kaleta viatu vyangu vya shamba, kaviweka mlangoni. Nimevivaa. Nimevivua. Namchukia Odile, namchukia yule mzee na adabu zake.

Nimevaa kimoja. Trekta imefika mwisho, imegeuka, inakuja upande huu. Kaniona dirishani. Kanipungia mkono.

Nami nimempungia.