Sinki Lililolishwa Chicha

Jumatatu, 4 Novemba

Siku ya thelathini na nane ya eda. Uji umeletwa chumbani tena. Jikoni mashine ya sinki, ile ya kusaga mabaki ya chakula, inakoroma kavu. Maji ya mgao hayajatoka tangu jana, na wifi yangu Mwanahawa anaisagisha hivyo hivyo. Marehemu mume wangu, fundi bomba, ndiye aliyeifunga. Masharti yake yalikuwa machache: maji ya baridi kwanza, mabaki kidogo kidogo, kisha maji tena mpaka mlio ubadilike. Mafuta marufuku. Chicha ya nazi na maganda ya muhogo marufuku, yanaziba bomba, na shimo letu la maji machafu ni dogo. Nimemwambia wifi. Kanijibu mfiwa hapangi mambo ya jikoni. Nimemeza uji na hasira.

Jumatano, 6 Novemba

Arobaini. Pilau, masufuria manne. Wanawake wa Mkunya, kwao marehemu, wamejaa mpaka uani, na kila mmoja anataka kuona sinki linalokula. Wamelilisha chicha, mifupa, mafuta ya masufuria. Wanacheka. Nimekaa jamvini nasomewa dua, na nilichokuwa nawaza ni bomba. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 8 Novemba

Sinki limejaa maji meusi. Hayashuki. Wifi kamwaga majivu nusu ndoo, kama wanavyofanya kwao kwenye choo cha shimo ili kukata harufu. Majivu juu ya mafuta! Nimepiga kelele. Nimeambiwa majonzi yamenizidi.

Jumapili, 10 Novemba

Harufu imefika chumbani. Mimi kutoka siwezi. Fundi kuingia hawezi, ni mwanamume na mimi nina eda. Leo kaja shemeji Issa, kaka mkubwa wa marehemu, kutoka Newala. Nimemwamkia shikamoo nikiwa nyuma ya pazia.

"Marahaba, Mama Salma. Hapa hapakaliki. Jumatano nakuja na gari, eda utamalizia kwangu."

Halafu akamnong'oneza wifi kwamba huu ni msimu wa korosho, wanunuzi wanatafuta nyumba za kupanga hapa Masasi. Nimesikia. Pazia si ukuta. Nikitoka humu sirudi, najua kabisa. Naogopa.

Jumanne, 12 Novemba

Wifi alipokwenda sokoni nikaingia jikoni. Nikazima umeme wa mashine, nikatega beseni, nikafungua kwa spana bomba lililopinda chini ya sinki. Halikufunguka. Nikasema bismillahi, nikatukana, likafunguka. Ndani chicha, mafuta na majivu vimegandana, vigumu kama sabuni ya mche. Nimevitoa kwa vidole. Nikachokonoa kwa waya mpaka kwenye chemba ya uani. Nikarudishia bomba. Ndoo tatu za maji ya akiba. Ya tatu ikashuka yote.

Wifi kanikuta sakafuni nalia, nguo za eda zimeloa uchafu. Nilijua atagomba. Akachukua tambara akapiga deki. Bado sijamsamehe.

Jumatano, 13 Novemba

Gari limekuja. Wifi ndiye aliyetoka mlangoni. Nilimsikia vizuri.

"Kaka, harufu imekwisha. Mwache mwenye nyumba amalizie eda kwake."

Mwenye nyumba. Shemeji alikwenda jikoni, akamwaga ndoo ya maji kwenye sinki, akasubiri mpaka yakashuka yote. Kisha akaaga. Gari limeondoka tupu.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku ya hamsini. Zimebaki themanini. Wifi karudi Mkunya jana, korosho zinadondoka na hana wa kumwokotea. Kaniachia mchele na samaki wakavu. Binti yangu Salma yuko bweni mpaka shule zifungwe.

Maji yametoka asubuhi, nimejaza ndoo zote. Mchana nimepika wali wa mtu mmoja na kuumaliza. Mashine sikuiwasha. Hakukuwa na cha kusaga.