Kisanduku cha Sefu

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Kisanduku chako ninacho. Si kweli kwamba kilivuka mto pamoja nawe, kama nilivyomwambia mama, na kama mama alivyowaambia wote waliokuja kukaa nasi katika kile kilio kisicho na maiti. Kiko chini ya kitanda hiki ninachoandikia, ndani ya sanduku la bati la vitabu vyangu vya fizikia, kimeviringishwa katika kitenge. Nimekificha kwa miaka zaidi ya ishirini. Mke wangu alikufa bila kujua alikuwa analala juu ya nini.

Naandika asubuhi, kabla miguu haijavimba na pumzi haijakata. Muuguzi anayekuja kunipima haniambii tena kwamba nitapona. Ananiuliza nimeamkaje, halafu anatazama dirishani. Nimebakiwa na siku chache, Sefu, na nina hofu kuliko nilivyokuwa na hofu siku ile.

Unakumbuka ulipokileta? Treni ya mizigo kutoka kusini ilikuwa imeingia baada ya kuchelewa majuma mawili, na wewe, mpakuzi wa mabehewa na mpiga gitaa, ulirudi nyumbani kwa miguu. Nikakuuliza baiskeli iko wapi. Ukaninyooshea kitu cha chuma chenye ukubwa wa kamusi, kina vikanyagio viwili na kidirisha cha namba nyekundu.

"Baiskeli njo hii, yaya."

"Umebadilisha baiskeli na sanduku la sabuni?"

"Baiskeli ilikuwa inanifikisha Kailo tu. Hii itanifikisha mbali."

"Itakufikisha Kailo kwa miguu," nikasema, na mama akacheka mpaka akaweka ungo chini.

Yaya. Hukuwahi kuniita jina lingine, isipokuwa mara moja. Kila mdogo wa kwetu humwita hivyo mkubwa wake, lakini wewe ulilivuta lile neno kama mtu anayeomba chumvi.

Ndani ya chuma kile cha kuchomeka gitaa mlikuwa na vitu ambavyo bendi za mji zilivibeba kwa mkokoteni: mwangwi, sauti ya kutetemeka, sauti ya kukwaruza, hata mdundo wa kuhesabia. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kifaransa. Mimi nikasoma, wewe ukakanyaga. Kila sauti uliyoitengeneza tuliihifadhi kwa namba, na ili usizisahau nikabandika plasta ya kidonda mgongoni mwa kisanduku, nikaandika kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: 12 harusi, 17 kilio, 24 mvua. Mvua ilikuwa yako peke yako. Kila noti ilidondoka mbali na mwenzake, kama maji yanayoisha kwenye ukingo wa bati baada ya mvua kukatika.

Halafu vita vikatukuta. Askari wageni wakaushika mji, wapinzani wao wakauzunguka kutoka msituni, na sisi tukabaki katikati. Treni haikuja tena. Aliyekwenda kuchimba muhogo nje ya nyumba za mwisho hakuwa na hakika ya kurudi. Umeme ulikatika, na vikuza sauti vya bendi vikawa viti vya kukalia. Wewe uliendelea kupiga, kwa sababu kisanduku kilikula betri sita tu, na redio-kaseti yangu ikawa spika. Uliwapigia maharusi waliokula sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta. Watu walicheza wakishikilia suruali zisidondoke, na wewe ukawatania kwa kukosa mikanda: "Muntu mwenye mukaba akuje mbele, tumuone tajiri."

Siku ile tuliporekodi kaseti ulichomeka waya kutoka kwenye kisanduku moja kwa moja kwenye redio-kaseti. Kikuza sauti hakikuhitajika wala studio, tulikuwa na mkeka tu. Mama alikuwa uani anatwanga sombe.

"Niache kwanza kutwanga?" akauliza.

"Mama, twanga tu. We njo ngoma."

Kinu chake kinasikika mpaka leo katika nyimbo zote nne. Katika ule wa mwisho, wa namba ishirini na nne, anakosea pigo moja na unamsubiri.

Sasa nifike kwenye betri. Zilikuwa adimu kuliko nyama, na zikichoka tulizianika kwenye bati juani ili zipate nguvu kidogo. Kila nyumba ilifanya hivyo kwa betri moja au mbili za redio. Lakini askari walikuwa wanatafuta fonie, ile mitambo ya kuongea na watu wa mbali, kwa sababu kila walipopanga kutoka, watu wa msituni walikuwa wamekwisha kujua. Nani alihitaji betri nyingi mji ulipokuwa na njaa? Mwenye fonie. Hilo walilihubiri kwenye vizuizi vyote, nami nililisikia. Hata hivyo nilipanda kiti nikazianika zote sita kwa mstari mmoja juu ya bati la nyumba yako, kama mwalimu anavyopanga wanafunzi. Wewe ulikuwa umenionya: "Yaya, mbili mbili." Nikakujibu kwamba jua halina muda wa kungoja zamu.

Walikukamata kesho yake ukiwa na kisanduku mkononi, unakuja kwangu kufanya mazoezi. Gitaa lako lilikuwa limelala kwangu, nyuma ya mlango.

Saa nne wakanifuata shuleni. Hawakujua kama mimi ni ndugu yako. Walikuwa wametafuta mwalimu wa fizikia tu. Nilikukuta ofisini kwao umekaa sakafuni bila viatu, mikono imefungwa mbele. Kisanduku kilikuwa juu ya meza, na namba nyekundu inawaka. Nilifungua mdomo kukuita, nawe ukaniwahi.

"Jambo, Prof," ulisema, kama mtu anayemsalimia mgeni.

Komanda wao akanisogezea kisanduku. "Prof, ona hii kitu. Huyu anasema ni ya gitaa. Gitaa iko wapi? Hasemi. Muntu wa muziki asiye na gitaa, umemuona wapi?"

Nikakigeuza. Plasta haikuwepo, ilibaki gundi tu. Nikakutazama. Taya lako lilikuwa linasogea polepole, unatafuna kitu kisichomezeka, na pembeni mwa mdomo wako palikuwa na wekundu niliodhani ni damu. Ulikuwa unakula mwandiko wangu, Sefu, ili wasiulize ni wa nani.

"Mwenye kuijua hii machine ni mwenzake," komanda akasema. "Lakini kama ni ya gitaa kweli, gitaa iletwe hapa, apige, tusikie, aende zake. Wewe umesoma. Uniambie: njo fonie ao hapana?"

Kutoka pale hadi nyumbani kwangu ni mwendo wa dakika kumi.

Niliwaambia mama na mke wako kwamba nilifika wakiwa wamekwisha kukuvusha mto, kule ambako aliyepelekwa hakurudi. Baadaye, mama alipokaribia kufa na kunibana, nilimwambia nilikuwepo, na kwamba nilisema sijui. Alinishika mkono. "Hata mimi ningeogopa, mwanangu," akasema. Alinisamehe jibu ambalo silo nililolitoa.

Jioni ile nilikatakata gitaa lako nikalitia jikoni. Mke wangu alipouliza moshi ule wa rangi nikamwambia ni mguu wa kiti. Na askari walipouacha mji, watu wakaingia kwenye nyumba waliyoifanya ofisi kuchukua mabati na viti. Mimi niliingia na kutoka na kisanduku chini ya koti.

Ulimwacha Aziza tumboni mwa mama yake. Sijui kama wafu hupewa habari, kwa hiyo nakupa: ana mkono wako wa kushoto. Anapiga katika harusi za Waislamu na za Wakristo, na kisanduku chake yeye ni kidogo kuliko chako, kinaingia kwenye mkoba pamoja na kitana. Anakanyaga, watu wanacheza. Akirudi nyumbani anakiunganisha na simu kwa waya na kurekodi akiwa amekaa kitandani. Kaseti yetu ameihamishia kwenye simu hiyo. Juma lililopita alinipigia ule wimbo wa mwisho sikioni.

"Papa mukubwa, hii sauti nimeitafuta kwa machine yangu miezi mitatu. Mwangwi ninao, ile ingine ninayo, lakini haidondoki hivi. Papa alifanya je? Wewe ulikuwepo."

Anataka kuurekodi upya, gitaa lake likijibizana na lako. Nilimwambia sikumbuki. Nikageukia ukuta, naye akanifunika shuka akidhani nimechoka.

Alipoondoka nilishuka kitandani kwa magoti, nikafungua sanduku la bati, nikatia betri sita mpya. Nilisali kisiwake. Kikawaka. Vyombo vya aina hii havihitaji umeme ili kukumbuka. Nimelifundisha hilo darasani na sikuwahi kuliogopa. Kilikuwa kimesimama kwenye 24, pale pale ulipokiacha. Sina gitaa la kuchomeka. Nilikaa sakafuni nikitazama namba ile mpaka macho yakauma, na sikupata chozi hata moja. Mtu anapaswa kulia, Sefu. Mimi nahema tu.

Kukuomba msamaha siwezi, maana utanipa, kama ulivyonipa kila kitu. Ninachotaka ni ukasirike. Ungenitukana siku ile, ungepiga kelele "huyu ni kaka yangu", leo ningekuwa na kitu cha kushikilia. Wewe ulinisalimia tu, ukatafuna.

Barua hii siifungi. Nitaiweka juu ya kisanduku, na Aziza ataisoma kabla ya kuchomeka gitaa lake. Akitaka kunizika, anizike. Akitaka kuniachia muuguzi, ana haki. Namba ni ishirini na nne, mwanangu, usibadilishe kitu chochote ndani yake.

Mdogo wangu, nakuaga bila kujua kama huko niendako nitaruhusiwa kukaa upande wako. Neno moja limebaki. Komanda aliniuliza kama ni fonie. Nilijibu ndiyo.

Yaya wako