Pikapu Iliyogonga Njiani Kwenda Kuposa

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku Nemba sijambo, ila kulima mashamba ya watu kumenimaliza mgongo.

Gari lako kutoa kelele za kugonga ukikanyaga mafuta kusikufanye ufungue injini. Pikapu ya bosi wangu iligonga hivyohivyo tukienda Nyamiaga nikampose bibi yako.

"Injini inakufa, tunarudi!" akasema bosi.

Nikaomba nikae nyuma, nisikilize. Kelele zikaisha.

"Umeweka dawa gani wewe?"

"Twende tu, bosi."

Nilikuwa nimekalia tairi la spea lisirukeruke na kugonga bodi. Kamba yake niliifungua mwenyewe asubuhi, nikamfungia mbuzi wa posa. Kwa hiyo kagua kwanza ulichokilegeza mwenyewe, ndipo umwite fundi.

Nililikalia hadi ukweni. Bibi yako akaniona mwekundu kwa vumbi mpaka kope, akacheka hadi akakaa chini. Nikajua nimekubaliwa.

Babu yako